Karatasi ya daino: usitazame nguvu peke yake, tazama na mafuta

Mtu ana gari lenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Anamlipa fundi abadilishe bomba la moshi, aongeze msukumo wa tabo na kupanga upya mafuta kwenye kompyuta ya injini. Kisha anapewa karatasi. Tuseme kabla ya kazi iliandikwa nguvu za farasi 205, na sasa ni 240. Je, gari limepata nguvu kweli? Na injini itadumu? Katika makala hii tunaeleza namna ya kuisoma karatasi hiyo.

Daino ni nini?

Daino, au kwa jina refu dainamomita, ni mashine yenye rola nzito za chuma. Gari hupandishwa juu yake, hufungwa kwa mikanda, kisha dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho huku magurudumu yakizungusha rola. Mashine hupima torki, yaani nguvu ya kuzungusha, pamoja na mizunguko ya injini kwa dakika. Kutokana na vipimo hivyo viwili hukokotolewa nguvu za farasi.

Kwa nini namba ni ndogo kuliko ya kiwandani?

Kiwanda hutangaza nguvu zinazotoka kwenye injini yenyewe. Daino hupima zile zinazofika kwenye magurudumu, baada ya giaboksi na difu kula sehemu yake. Mfano ni Subaru Impreza WRX STI za soko la Japani. Kwa miaka mingi zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kwa sababu viwanda vya Japani vilikuwa vimekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo. Makubaliano hayo yaliachwa mwaka 2004. Gari kama hilo likionyesha 220 kwenye rola, si lazima liwe bovu.

Hewa nayo ina neno

Injini hupumua kama sisi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia pengo hilo. Kwa hiyo programu ya daino hufanya marekebisho ya hesabu. Kanuni iitwayo SAE J1349 huhesabu kana kwamba joto ni nyuzi 25 na shinikizo ni kilopaskali 99. Kanuni nyingine hutumia nyuzi 20 na kilopaskali 101.3. Gari moja, siku moja, linaweza kutoa namba mbili tofauti kwa sababu ya kanuni tu.

Kwa gari la tabo, jihadhari zaidi. Tabo hufidia sehemu ya upungufu wa hewa mlimani. Programu ikiongeza fidia nzima juu yake, karatasi inapata nguvu ambazo gari halina.

Mstari wa mafuta

Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Lakini injini inapofanya kazi kwa nguvu zote, huhitaji petroli zaidi. Isiyo na tabo hupangwa kwenye 12.5 hadi 13, na yenye tabo mara nyingi kwenye 11 hadi 12. Petroli ile ya ziada husaidia kupoza ndani ya silinda.

Mwendesha bodaboda anayafahamu haya kupitia plagi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache na injini inachemka. Kwenye daino, sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ndiyo inayotoa habari hiyo.

Sasa linganisha karatasi mbili za gari lilelile la tabo. Moja ina nguvu za farasi 240 na uwiano wa 13.5. Nyingine ina 230 na uwiano wa 11.5. Ya kwanza inapendeza kwa macho, lakini kwa mchanganyiko mwepesi namna hiyo joto hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Sisi tungeondoka na ya pili.

Mambo ya kumwuliza fundi

Je, vipimo vya kabla na baada vimefanywa kwenye mashine ileile, kwa gia ileile na kanuni ileile ya marekebisho?

Je, injini ilikuwa imepata joto lake la kawaida, na upepo wa matairi haukubadilishwa?

Je, gari lilipimwa mara tatu na majibu yakakaribiana?

Je, mstari wa hewa na petroli upo kwenye karatasi?

Je, mafuta yamepangwa kwa petroli gani? Gari lililopangiwa petroli ya oktani ya juu linaweza kugonga likijazwa ya oktani ya chini.

Fundi akiyajibu haya bila kusita, karatasi yake inaaminika. Akikuonyesha namba kubwa ya juu tu, mwombe kwanza mstari wa mafuta kabla hujatoa pesa.