Mistari 11 ya Usiku wa Manane

Tarehe 23 Machi 2016, Nairobi ilikuwa saa sita na nusu usiku. California bado ilikuwa mchana wa tarehe 22. Azer Koçulu alikuwa amezozana na kampuni ya Kik juu ya jina la kifurushi chake, na npm, ghala ambako wanaotumia JavaScript huchota vifurushi, likawapa Kik hilo jina. Jamaa akang'oa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250.

Kimoja kiliitwa left-pad. Mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Lakini Babel ilikitegemea kupitia vifurushi vingine, na zile seva zinazounda programu zenyewe, bila mtu, huchota vitu upya kila mara. Zikaanza kukwama, mamia kila dakika.

Sehemu inayonivutia mimi ni hii: katika dakika 10 hivi, Cameron Westland alipakia left-pad yake, kazi ileile, toleo 1.0.0. Wapi! Kifurushi cha line-numbers kilitaka 0.0.3, hiyo hiyo, si nyingine. Simlaumu aliyeandika hivyo. Kufunga toleo ni nidhamu nzuri. Ila namba uliyoifunga inakusaidia nini, kama ghalani hakuna kitu?

npm ikabidi wairudishe 0.0.3 kutoka kwenye nakala za akiba. Kwetu ilikuwa karibu saa tisa usiku. Siku chache baadaye wakaweka sheria ya wakati ule: kifurushi kilichopita saa 24, hukuweza tena kukifuta kienyeji.