Gobori na Wino wa Dola

Katika silaha zote za moto zilizopata kupita mikononi mwa watu wa pwani yetu na bara yake, hapana iliyokaa muda mrefu kuliko gobori, yaani bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni, wala hapana iliyoandikiwa sheria nyingi kama hiyo na watu ambao majeshi yao yalikwisha kuitupa. Mwenye kutaka kuijua tarikhi yake aghalabu huanza kwa wahunzi, akauliza ni nani aliyevumbua mtambo gani na katika mwaka gani. Na maswali hayo yana haki yake, nasi tutayapitia. Lakini kwa rai yangu, mpaka baina ya gobori la kale na gobori la kisasa, ambao wapenda shabaha wa leo hugombania kana kwamba ni jambo la dini, haukuwekwa na wahunzi peke yao. Kila ulipokuwa na nguvu ya kumzuia mtu au kumruhusu, uliwekwa na makarani wa dola, kwa wino.

Bunduki za mkono zilizotumika pwani zama za Mreno, na za Waarabu wa Oman waliomtoa katika ngome ya Mombasa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, zilikuwa za mrao. Utambi uliolowekwa shura huungua polepole, na mpigaji avutapo kifyatulio, utambi huinama ukagusa akali ya baruti iliyowekwa nje katika kifa, na moto ukapenya kitundu ukaifikia baruti ya ndani. Ni mtambo mwepesi kutengeneza, ila adui wake ni mvua, na usiku ile nukta nyekundu humsaliti mwenyewe. Hata hivyo huko Oman bunduki hizo, ziitwazo kwa Kiarabu abu fatila, zilidumu kwa watu wa milimani na wa jangwani muda mrefu baada ya ulimwengu mwingine kuzisahau.

Ikafuata bunduki ya gumegume. Hapa jiwe hubanwa katika kinywa cha nyundo ndogo, na nyundo iachiliwapo jiwe hukwaruza bamba la chuma, cheche zikaanguka katika kifa. Mpigaji hodari humimina kipimo cha baruti katika kasiba, akatia risasi na kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akatia baruti ya kifani, akalenga. Na askari aliyefunzwa vyema aliweza kuyafanya hayo yote mara tatu kwa dakika moja, jambo ambalo asiyelijaribu hulidharau. Baruti yenyewe ilikuwa ileile ya tangu zamani: shura kama robo tatu, na iliyobaki ni makaa na kiberiti, ikitoa moshi mwingi mweupe na kuacha masizi yanayokula chuma kwa kutu mwenye bunduki asipoisafisha kwa maji ya moto siku ileile.

Aliyeuvunja ufalme wa gumegume alikuwa kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda ndege, ambaye husimuliwa kwamba aliudhika kuona ndege wakishtuka na kuruka kwa ule mwako wa kifani kabla ya risasi kutoka. Mwaka 1807 alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo unaowasha baruti kwa dawa iripukayo inapogongwa, na kutokana na shauri hilo ikazaliwa baadaye fataki, kile kikombe kidogo cha shaba kivikwacho juu ya chuchu ya bunduki. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya silaha za vita katika karne ile yalianzia kwa mtu aliyekuwa akitafuta starehe yake ya Jumamosi, si kwa jemadari.

Majeshi ya Ulaya yaliipokea fataki kwa kusitasita, Waingereza wakiikubali karibu na mwaka 1840, na haikupita hata miaka thelathini kabla gobori lote, la jiwe na la fataki, halijapitwa na bunduki zitiwazo risasi kwa nyuma: Snider mwaka 1866, Mauser mwaka 1871, na nyinginezo. Kila mageuzi hayo yalipotokea, maghala yalijaa bunduki zisizotakiwa, na bunduki isiyotakiwa London au Berlin ilikuwa na mnunuzi Afrika. Tena wafua bunduki wa Birmingham na wa Liège hawakungoja masalio. Waliunda kwa makusudi bunduki za bei rahisi za kuuzwa Afrika, ambazo ubora wake uliachiwa mnunuzi auvumbue mwenyewe.

Mlango wa biashara hiyo kwetu ulikuwa Unguja, na hapa ndipo wino unapoingia. Tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Sayyid Said bin Sultan alitia saini mapatano na Marekani, yaliyoletwa na mjumbe Edmund Roberts, yakiwapa Wamarekani ruhusa ya kuuza na kununua katika bandari zake zote. Lakini yaliwekewa sharti moja ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulitazama: bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja, zisiuzwe ila kwa serikali yake, ilhali katika bandari zake nyingine zote ziuzwe bila ya kizuizi kwa yeyote atakayetoa bei kubwa. Sultani hakuichukia biashara ya silaha. Aliichukia karibu na nyumba yake. Basi merikebu za Wamarekani wa bandari ya Salem zikaendelea kuleta nguo za merikani na mapipa ya baruti, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na silaha zikapanda bara kwa njia za misafara, vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Huko bara gobori lilibadili mambo kwa namna ambayo wanahistoria wangali wakiijadili. Mirambo wa Unyamwezi, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871 na kujijengea dola mpaka kufa kwake mwaka 1884, aliwaongoza ruga-ruga, wapiganaji wake, ambao wengi wao walikuwa vijana wenye magobori, na kila mtawala wa njia za misafara alijua kwamba mwenye kushika baruti ameshika na pembe. Wala tusidhani kwamba mtu wa bara alipokea kila alicholetewa bila ya kuchagua. Fataki hupiga kwa uhakika zaidi, hata katika unyevu. Lakini zikimwisha mwenyewe akiwa safari ya miezi mitatu kutoka Bagamoyo, bunduki yake imekuwa rungu. Jiwe la gumegume, kinyume chake, huweza kutafutwa na kuchongwa, na risasi ikikosekana hupatikana kipande cha chuma kwa mhunzi wa jirani. Hivyo mtu wa mbali na pwani aliyeshikamana na gumegume hakuwa mjinga wa mambo mapya. Alikuwa amefanya hesabu yake.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa karibu kufanywa na wengine kwa niaba yake. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Charles Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia Afrika kwa mwaka kupitia pwani hii. Mwaka huohuo vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani viliwaka kuanzia Pangani, na kabla mwaka haujaisha manowari za Kijerumani na za Kiingereza zikaizingira pwani, zikidai kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Kisha wakakutana Brussels mabwana wa dola, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia saini mkataba wao mkubwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ambao ndani yake walipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa zenye kasiba iliyochongwa mifuo ya kuzunguka na zile zilizotengenezwa kwa ustadi mpya, katika Afrika yote iliyo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa wachache watakaodhaminiwa. Wenyeji wangeweza kuuziwa kitu kimoja tu, tena kutoka ghala la serikali na kwa hiari ya serikali: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Msomaji na asimame hapa kidogo, maana katika maneno hayo machache mna tarikhi nzima. Mtambo ambao jeshi la Uingereza lilikuwa limeuacha miaka hamsini kabla, ulifanywa kwa sheria kuwa ndio silaha ya Mwafrika. Fataki ya yule kasisi haikutiwa katika ruhusa. Viwanda vya Liège vikaendelea kuunda bunduki za gumegume hata baada ya kuingia karne ya 20, si kwa kuwa mafundi wake hawakujua zaidi, bali kwa kuwa kulikuwa na bara zima lililoamriwa lisimiliki zaidi. Wako watakaosema kwamba nia ilikuwa njema, kwani bunduki ndizo zilizowateka watumwa. Nia hiyo sikatai kwamba ilikuwapo. Lakini nashangaa kwamba haikumgusa mwenye bombom la Maxim, bunduki ipigayo risasi mfululizo.

Matunda yake yalionekana upesi. Kweli Wahehe wa Mkwawa, tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, walilivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski na kumuua mwenyewe, lakini walishinda zaidi kwa mikuki na kwa shambulio la ghafla kuliko kwa risasi. Miaka kumi na minne baadaye, katika vita vya Maji Maji, wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na magobori, na walipolishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 walikutana na bombom. Gobori linataka mtu asimame na kushindilia. Bombom halimpi nafasi ya kusimama. Na bado, kwa kejeli ya mambo, wengi wa askari wa Wajerumani waliopigana Tanga mwezi wa Novemba 1914 walikuwa na Mauser za mwaka 1871 zipigazo baruti nyeusi, moshi wake ukimwonyesha adui mahali walipolala: nao pia walikuwa wamepewa kilichosalia.

Sasa tuvuke bahari tuwafuate Wamarekani wale waliotuletea baruti. Katika Pennsylvania, wahunzi wa asili ya Kijerumani waliunda tangu karne ya 18 bunduki ndefu ya gumegume yenye mifuo ndani ya kasiba, ambayo risasi yake, ikivikwa kitambaa cha mafuta, ilikwenda mbali na kwa unyofu kuliko bunduki yoyote ya askari wa zama zile. Ilipokwisha kazi yake ya kulisha na kulinda, haikufa; mwaka 1933 wapenzi wake waliunda chama chao cha taifa, na mpaka leo hukusanyika katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana, wakilenga shabaha na kumimina risasi zao wenyewe. Mwaka 1968, sheria kuu ya silaha ya nchi ile ilipoandikwa, iliziondoa katika hesabu yake bunduki zilizoundwa mwaka 1898 au kabla, na nakala za mitambo ya kale. Na mwaka 1974 Pennsylvania ikaweka msimu wa kuwinda paa kwa gumegume tu: asiye na jiwe asiingie.

Wino ukazaa mtambo. Maadamu majimbo mengi yalitoa siku za ziada kwa mwenye gobori, wawindaji wengine walitaka siku hizo bila ya taabu zake, na mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri akawaletea gobori lililowekwa kiwashio nyuma ya baruti, sawa na mstari wa kasiba, lenye umbo la bunduki ya kisasa na lenye kufunguka kwa kusafishwa. Zikafuata darubini, risasi zilizovikwa plastiki, na vidonge vya dawa iigizayo baruti. Mwaka 1998 sheria ya nchi ikapanuliwa, na magobori hayo mapya yakapata msamaha uleule wa yale ya kale. Tangu hapo makundi mawili hayaamkiani: moja husema gobori lisilo na jiwe wala moshi ni hila ya kuiba siku za kuwinda, jingine husema mnyama ana haki ya kufa kwa risasi moja ya uhakika. Kwa wawindaji, hoja ya pili ina uzito. Lakini kwa yule apigaye ubao uliotiwa alama, ambaye hana haraka wala njaa, sioni kwa nini ajinyime jiwe, kwani hiyo taabu ndiyo starehe aliyoijia.

Wao wanachagua. Huku kwetu gobori liliendelea kwa ulazima, likiundwa upya na mafundi wa vijijini kwa mabomba ya maji na mbao za msituni, likilinda mashamba dhidi ya ngiri na nyani, na mara nyingine, haina budi kusemwa, likiua tembo wa hifadhi na watu njiani. Kila mara polisi huwataka wenye magobori hayo wayasalimishe, nayo huteketezwa mbele ya watu. Na usalama wa raia ukitaka hivyo, sina neno. Ila nawaomba wakuu wa makumbusho yetu kwamba kabla moto haujawashwa, apelekwe mtu mmoja mwenye ujuzi azitazame alama zilizopigwa katika kasiba na mitambo, za Birmingham, za Liège na za mafundi wetu wenyewe, aziandike, na yale machache yaliyo ya zama za misafara ayazibe vitundu, ayatie kabatini. Haigharimu ila siku moja ya kazi na daftari.