WAZEE WA KYELA WALIVYOKUWA WANAZIMA MOTO NA KUWAACHIA VIJANA NCHI

Leo naomba mastaa tuwaweke pembeni kidogo. Kila siku watu wanabishana wazee wawapishe vijana au vijana wasubiri. Sasa kwetu huku Kyela mababu walishalijibu hilo swali zamani, tena kwa sherehe.

Wengi wakisikia Kyela wanawaza mchele tu. Ila Mnyakyusa wa zamani alikuwa mtu wa ng'ombe na migomba. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye wa kuchinjwa msibani, ndiye heshima ya mtu. Na waliokuwa wanachunga ni watoto wa kiume.

Dogo akifika miaka 10 au 11 hakulala tena kwa baba. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni, kijiji chao kabisa. Kula walirudi kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo wote kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Ukila peke yako wanakuona mchoyo. Baadaye wakioa, wake wanaletwa hukohuko. Sababu moja kubwa ilikuwa heshima, maana mke wa mtoto na baba mkwe hawakutakiwa hata kuonana.

Kila mwaka mvua zinapokaribia, kulikuwa na kutupa majivu. Kila nyumba inazoa majivu ya jikoni na kuyatoa nje, ili magonjwa ya mwaka uliopita yaondoke nayo. Kisha unawashwa moto mpya, ndipo watu wanashika jembe.

Ila sherehe kubwa kuliko zote iliitwa ubusoka, yaani kutoka. Hii haikuwa ya kila mwaka, ilikuja mara moja kwa kizazi. Wale wachungaji wa jana sasa ni wanaume wenye wake na watoto. Watoto wa malafyale, yaani chifu, wanatolewa ndani walikofungiwa na kupewa dawa. Moto wa zamani unazimwa nchi nzima, mwingine unapekechwa kwa vijiti, na kila mtu anachukua wake. Miti inapandwa kuwa alama. Kuanzia hapo nchi ni ya vijana, na wazee wanahama kuwaachia ardhi.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Ardhi walipewa, lakini ng'ombe walibaki mikononi mwa wazee, na mzee akifa mali ilienda kwanza kwa mdogo wake, sio kwa mtoto. Kwa hiyo kijana alichelewa kuoa huku mzee anaongeza mke mwingine. Na malafyale mzee, baada ya ubusoka, hakutegemewa kuishi muda mrefu. Kung'atuka kulikuwa na bei yake.

Haya yaliandikwa na Godfrey na Monica Wilson, mke na mume waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938. Walikuta mambo yameshaanza kubadilika. Wamisionari walikuwepo tangu 1891. Vijana walikuwa wanaenda kuchimba dhahabu Lupa kule Chunya, wengine migodi ya shaba Zambia, wanarudi na hela ya kununua ng'ombe wao wenyewe bila kumsubiri baba. Baadaye mpunga huku chini na kahawa kule Rungwe vikaifanya ardhi kuwa mali. Nani atahama aache shamba lake la mpunga? Uchifu wenyewe ukafutwa na serikali baada ya uhuru.

Kwangu mimi hapo ndipo penye somo. Ubusoka haukufa kwa sababu vijana walidharau mila. Ulikufa pale ardhi ya kuhamia ilipoisha. Mzee wa zamani aliachia kwa sababu alikuwa na pa kwenda. Wa leo ana ekari 2 na watoto 6, akiachia anakula nini?

Kwa hiyo kabla hujamwita mzee wako king'ang'anizi, jiulize hilo. Na wewe mzee unayesoma hapa, kumbuka baba zako waliuzima moto wao wenyewe.

Wadau wa Ipinda, Matema, Ngonga, na ndugu zetu Wangonde wa Karonga ng'ambo ya Songwe: kwenu bibi na babu walisimuliaje? Tupieni hapo chini, nasoma zote.