Ngazi za Mawe za Engaruka na Swali la Lugha ya Waliozijenga

Msafiri atokaye Nyasho, katika mji wa Musoma, akishika njia ya kusini-mashariki, hupita Ikoma na Loliondo, huingia nchi ya Wasonjo, na mwishowe huteremka ukuta wa Bonde la Ufa hata ziwa la Natron. Akigeuka kusini na kuufuata ukuta huo, atafika Engaruka, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, katika Wilaya ya Monduli. Nchi yenyewe ni kavu, yenye vumbi na miiba, na mgeni asiyeambiwa aweza kuyapita mabaki yaliyopo kwa kuyadhani mawe yaliyoporomoka mlimani. Lakini mawe hayo yamepangwa kwa mkono wa mtu, nayo yameenea katika eneo la hektari zipatazo 2,000.

Katika mtelemko vimo viwanja vilivyosawazishwa, kila kimoja kimeegemezwa kwa ukuta wa mawe ili nyumba isimame mahali pa tambarare. Vijiji vya namna hiyo ni saba. Chini ya vijiji yamo mashamba, yaliyogawanywa kwa safu za mawe kuwa vipande vidogo vidogo vinavyoshuka taratibu kama vipandio vya ngazi. Maji yalichukuliwa katika mito iliyotoka mlimani, yakaongozwa kwa mifereji iliyopimwa vizuri hata yakafika bila kuuchimbua udongo. Kipande cha juu kikiisha kunywa, maji yaliendelea kwenye kipande cha chini. Mawe yaliyozidi yalirundikwa pamoja, nayo malundo hayo yangaliko. Punje za mtama zilizoungua, zilizopatikana humo, zaonyesha chakula kilichokuwa kikilimwa.

Wakati wa kazi hiyo ni baina ya karne ya 15 na ya 18. Ni vema mwanafunzi wa Kiswahili aupime kwa tarehe azijuazo. Wareno walipoipiga Kilwa mwaka 1505, wakulima wa Engaruka walikuwa wakigawana maji yao. Kilwa ina tarikh yake iliyoandikwa, ina misikiti yake ya mawe na chokaa, na majina ya masultani wake yanajulikana. Engaruka haina maandishi, kuta zake hazina chokaa, wala halikubaki jina la mtu mmoja aliyezijenga. Hata jina la mahali lina sura ya Kimaasai, nao Wamaasai wanaokaa huko sasa ni wafugaji waliokuja kutumia nchi hiyo kwa kazi nyingine.

Mgeni wa kwanza kuyaandika mabaki hayo alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Louis Leakey aliyachunguza katika miaka ya 1930, akahesabu maelfu ya nyumba, akadhani kwamba palikuwa na mji wa watu baina ya 30,000 na 40,000. Uchimbaji wa Hamo Sassoon wa mwaka 1964 na 1966, na baadaye kazi ya John Sutton, uliyabadili maoni hayo. Si kila duara la mawe lilikuwa nyumba, na waliokaa pale hawakuwa watu wa mji bali wakulima, wachache sana kuliko alivyodhani Leakey. Tena uchunguzi wa Daryl Stump, katika karne hii, umeonyesha kwamba mashamba hayakutengenezwa kwa mpango mmoja na kwa mara moja, bali yaliongezwa hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi.

Watu hao walikuwa nani? Wengine wamewataja mababu wa Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi; wengine wamewataja Wasonjo, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Mawe peke yake hayawezi kukata shauri. Wasemaji wa lugha mbalimbali waweza kujenga ukuta wa namna moja, na wasemaji wa lugha moja waweza kulima kwa namna nyingi. Hapa ndipo mwanahistoria anapomhitaji mtaalamu wa lugha, si kwa kukisia jina la kabila, bali kwa kuyachunguza maneno ya kazi.

Wasonjo, wanaojiita Batemi, wanatoa mfano mzuri. Lugha yao ni jamaa ya Kikuyu na Kikamba kuliko ilivyo jamaa ya lugha za Mara, ingawa Waikoma ni jirani zao wa magharibi. Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza jinsi vijiji vyao vilivyoishi kwa mifereji, na jinsi zamu za maji zilivyoshikwa na wazee waitwao wenamiji. Msomaji wa Kiswahili atasikia katika neno hilo mwangwi wa wenye mji. Basi neno moja tu linafunua kwamba mwenye mamlaka juu ya maji ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya kijiji. Kwa Engaruka mifereji ipo. Neno la aliyeifungua na kuifunga halipo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Nyasho, katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe. Toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records, la mwaka 1936, lilichapa taarifa ya Leakey juu ya Engaruka, na pia makala ya Thornton na Rounce juu ya ukulima wa Wakara. Wakara walifunga ng'ombe wao nyumbani, wakawakatia majani, wakachukua samadi shambani, wakapanda mimea ya kuurutubisha udongo pamoja na uwele, na kuuzuia udongo wa mitelemko usichukuliwe na mvua. Huko Engaruka pia zimo zizi za mawe katika makao ya watu, jambo linalofanya ionekane kwamba mifugo ilifungwa na samadi ikatumika. Wala lugha ya Wakara si ngeni Musoma: iko katika kundi moja na Kijita na Kikwaya.

Kiswahili chenyewe kina upungufu katika jambo hili. Kilikua pwani, na utajiri wake ni katika vyombo vya bahari na minazi. Kwa kilimo cha mawe hutumia maneno yaliyoazimwa kutoka kazi nyingine: ngazi ya kupandia, ukuta wa nyumba, tuta la viazi. Neno matuta, tena, liliingia katika siasa wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuyalima. Katika Uluguru ghasia zilitokea mwaka 1955. Watu waliambiwa wajifunze hifadhi ya udongo kana kwamba ni elimu ya kigeni, na Engaruka ilikuwa imekwisha kujengwa kabla ya hapo kwa karne nyingi.

Kazi iliyobaki, kwa hiyo, ni ya kukusanya. Majina ya kuta, ya mifereji, ya vizuizi vya maji, ya zamu na ya samadi yaandikwe Ukara, Sonjo na Mbulu kutoka vinywa vya wazee walioifanya kazi hiyo, kisha yalinganishwe. Neno la Kikushi likionekana katika lugha ya Kibantu, au la Kibantu katika Kiiraqw, litaonyesha ni nani aliyemfundisha mwenziwe, na katika jambo gani. Ulinganisho huo hautathibitisha lugha ya Engaruka, lakini utapunguza idadi ya dhana zinazoweza kutetewa. Mawe ya Engaruka yamesubiri zaidi ya miaka 200 na yaweza kusubiri tena, wazee hawawezi.