Mwanjelwa kwa Miguu

Vitabu vinavyosimulia habari za Mbeya aghalabu huanza na dhahabu. Husema ya kuwa dhahabu ilionekana Lupa, katika nchi ya Chunya, mnamo miaka ya 1920, na ya kuwa mji ukaanzishwa mwaka wa 1927 chini ya mlima Loleza. Habari hizo ni za kweli, lakini ni habari za mji wa juu: ofisi za serikali, hoteli, na kiwanja ambapo ndege za Imperial Airways zilizosafiri baina ya Uingereza na Afrika ya Kusini zilianza kutua mwaka wa 1932. Mwanjelwa haimo. Mtu atakaye kuijua hapana budi aiendee kwa miguu, siku ya Jumamosi ambayo hana haraka, tena afuatane na mwenyeji, kwa sababu historia ya mahali hapa haikuandikwa ukutani.

Mwenyeji mwema humwanzisha mgeni wake Kabwe, penye barabara kuu, wakasimama kwanza kutazama malori. Hapo ndipo mlango wa habari yenyewe. Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1965, serikali ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake. Njia hiyo ikawa ya Dar es Salaam. Wakati huo barabara ilikuwa ya udongo, na madereva waliiogopa. Bomba la mafuta likamalizika mwaka wa 1968, kisha barabara ikatiwa lami, na reli ya kilomita 1,860 ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka wa 1970 na 1975. Wanasiasa walihesabu tani za shaba. Walakini dereva na utingo wake walitaka wali, kitanda na sabuni. Na watu wa kuwauzia vitu hivyo ndio waliojaza sehemu za bondeni kama Mwanjelwa.

Kutoka barabarani mgeni huingizwa penye vyakula, na hapa haifai kwenda mbio. Viazi hushuka kutoka milima ya Uporoto, ndizi na maparachichi kutoka Rungwe, maharage kutoka Mbozi, na mchele kutoka pande mbili zisizopatana, Kyela na Usangu, kila upande ukiwa na mawakili wake. Wengi hutoa hukumu kwa Kyela kwa sababu ya harufu. Nafaka hupimwa kwa debe au kwa sado, kipimo kilichopewa jina la kopo la rangi. Viazi hujazwa lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu ya mdomo wake, nalo limewaudhi wakulima miaka mingi kuliko sheria zote zilizotungwa kulikataza. Nchi hii ni ya Wasafwa, lakini sikio la mgeni hupokea Kinyakyusa kwanza. Mwenyeji humwamkia mama mwenye ndizi “Mugonile”, kwa heshima ya wingi, na akiisha kulipa husema “Ndaga”. Bei baina ya salamu hizo mbili hupatanwa kwa Kiswahili.

Mbele kidogo mwenyeji hubadili sauti. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 2006, soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Kwa msomaji wa magazeti, moto wa soko ni habari ya mabanda na bidhaa. Kwa mchuuzi si hivyo tu. Biashara ya namna hii huendeshwa kwa mali kauli: mwenye duka la jumla hutoa vitenge au marobota ya mitumba bila fedha, kwa neno na daftari, na mchuuzi hurejesha akiisha kuuza. Moto uliyala marobota, ukala na daftari la wale aliowakopesha mchuuzi mwenyewe. Deni lake kwa mwenye jumla halikuungua.

Wafanyabiashara wengi wakahamia karibu, katika eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka wa 1973, na soko la huko likaitwa Sido. Nalo likaungua mwaka wa 2011, na tena mwezi wa Agosti, mwaka wa 2017. Baina ya mioto hiyo Halmashauri ya Jiji ilijenga soko jipya la ghorofa mahali pa lile la kale, kwa mkopo wa benki, na kazi ikachukua miaka. Jengo ni zuri. Lakini mnunuzi aliyekwisha kuzoea njia ya Sido haachi njia hiyo kwa ajili ya ngazi na vigae, na mwenye meza ya mbao hulipa ushuru wa siku aliyouza, ilhali kodi ya chumba hudaiwa hata mwezi usio na mteja. Wapangaji wa miji husahau hesabu hiyo mara kwa mara, si Mbeya peke yake.

Jioni, ubaridi ukishuka kutoka Loleza, mgeni akiwauliza wazee wa soko walikaa wapi kabla ya mwaka wa 2006, humwonyesha kwa mkono, safu kwa safu: wauza dagaa huku, mafundi cherehani pale, nani alipakana na nani. Sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, na wengi wao ni vijana wasioliona soko lile. Wanafunzi wa historia wangeweza kuichora ramani hiyo kwa Jumamosi chache tu, wakiwa na karatasi, kalamu na mwenyeji, maadamu wanaoikumbuka wangali wanakuja sokoni.