Kaniki ya Nyanya: Historia ya Vazi la Jikoni

Hapana shaka kwamba wengi wetu tuliolelewa Pwani twaikumbuka kaniki kwa hamu. Ndiyo nguo aliyojifunga nyanya alipochochea moto, alipokuna nazi na alipombembeleza mjukuu mgonjwa. Leo tukiitaja, twaitaja kama alama ya utulivu wa zamani. Makusudi ya insha hii si kuikanusha hamu hiyo, bali ni kuuliza: kaniki iliingiaje jikoni?

Jibu laanzia kwenye kitambaa chenyewe. Katika miaka ya 1830, hususan baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi, nacho kikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 vilipoikatiza biashara hiyo, nafasi ilishikwa na vitambaa vya Uingereza, na baadaye vya Bombay; jina, hata hivyo, lilibaki. Kitambaa cha namna hiyo kilichotiwa nili hata kikakaribia weusi ndicho kaniki. Nyingine ilitoka Bara Hindi ikiwa imekwisha kutiwa rangi.

Katika karne ya 19 vazi lilitangaza daraja ya mtu. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na mafukara. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki chini ya makwapa, mabega wazi. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokombolewa walijinunulia kanga, ambayo sisi wa Mombasa twaiita leso, na baadaye buibui. Kaniki haikutupwa. Ilirudishwa ndani, ikawa nguo ya kazi.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza nyanyangu kwa nini hatoki na kaniki yake. Alinijibu, "Hii ni ya jikoni, mwanangu. Njiani hatwendi nayo." Nilidhani asema habari za usafi. Sidai kwamba kila aliyejifunga kaniki alikuwa wa ukoo wa watumwa. Lakini sasa naona kwamba kuivua mlangoni na kujitanda leso kulikuwa na maana ambayo mtoto hakuweza kuijua. Mama wa kizazi kilichotangulia alitoka na kaniki kwa sababu hakuwa na hiari. Mjukuu wake aliiacha ndani kwa sababu alikuwa nayo.

Basi, hamu yetu si uongo, ila ni nusu ya habari. Nasi wataalamu wa lugha, tukiieleza kaniki kuwa "nguo nyeusi ya wanawake" na kuishia hapo, twahifadhi rangi ya neno na kuwapoteza waliolivaa. Wazee waliobaki na waulizwe, si jinsi ilivyofungwa tu, bali pia ni nani aliyeivaa hadharani, na ni nani aliyekataa.