Regulata ya Pengo Dogo

Herufi LDO (kifupisho cha Kiingereza “low dropout”) zimejaa katika karatasi za data za vipuri vya kielektroniki. Zinataja aina ya regulata, yaani kifaa kinachopokea volti zinazopanda na kushuka, kikatoa volti zisizoyumba. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite regulata ya pengo dogo, na sababu imo katika utendaji wa kifaa chenyewe.

Ndani yake mna transista iliyokaa kati ya chanzo cha umeme na mzigo. Transista hiyo hubana au kulegeza ili volti zinazotoka zibaki palepale, na ziada yote hugeuka joto. Ili ipate nafasi ya kubana, volti zinazoingia lazima zizidi zinazotoka kwa kiasi fulani. Kiwango cha chini kabisa cha tofauti hiyo ndicho pengo. Tofauti ikipungua zaidi ya hapo, transista huwa imekwisha kulegea kabisa. Udhibiti hukoma, na volti zinazotoka huanza kushuka pamoja na zinazoingia.

Mtu angeweza kusema “anguko dogo”, lakini neno hilo humfanya msomaji adhani kwamba regulata hii hupunguza volti kidogo tu. Sivyo. Ikipewa volti 12 ili itoe 5, huangusha volti 7 zote, na kwa mkondo wa nusu ampea huzaa joto la wati 3.5. Udogo unaotajwa ni wa mpaka wa chini. Neno “pengo” linamwelekeza fundi kwenye hesabu anayopaswa kuifanya: volti zinazoingia, toa zinazotoka.

Tuchukue saketi ya volti 3.3 inayotumia betri moja ya lithiamu. Betri hiyo ikijaa huwa na volti 4.2, nayo hushuka hadi karibu 3 inapokwisha. AMS1117, regulata iliyoenea sana madukani, ina pengo la takriban volti 1.1 hadi 1.3 kwenye mzigo mkubwa. Jumlisha 3.3 na 1.1, unapata 4.4: hata betri iliyojaa haifiki hapo. Regulata nyingine, MCP1700, ina pengo la takriban milivolti 178 kwa mkondo wa miliampea 250, kwa hiyo hushikilia volti 3.3 mpaka betri inapokaribia 3.5.

Hata hivyo, pengo peke yake halitoshi kuamua. Angalia pia mkondo wa kujiendesha, yaani umeme ambao regulata hutumia yenyewe hata mzigo ukiwa umelala. AMS1117 hutumia takriban miliampea 5. Betri ya miliampea-saa 2000 itamalizwa na regulata hiyo peke yake kwa siku 17 hivi. MCP1700 hutumia mikroampea 1.6 tu, ndiyo maana inafaa vihisi vya shambani vinavyokaa miezi bila kuguswa. Lakini mwisho wake ni miliampea 250 na volti 6 za kuingia. Mikrokontrola ya ESP32 inaporusha mawimbi ya Wi-Fi huhitaji zaidi ya hapo; watengenezaji wake hushauri chanzo cha miliampea 500 au zaidi.

Jambo la mwisho ni kapasita ya upande wa kutoka. Baadhi ya regulata hizi hutulia kwa kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 1. Nyingine, hasa za zamani, hudai kapasita kubwa yenye ukinzani wa ndani wa kiwango maalumu. Ukiweka isiyofaa, volti zitatetemeka hata kama hesabu ya pengo ni sahihi.

Walimu wa vyuo vya ufundi, itumieni istilahi hii darasani na kwenye karakana. Mwanafunzi akiuliza “pengo lake ni volti ngapi?” kabla ya kununua regulata, atakuwa ameanza kuchagua kwa hesabu, si kwa kubahatisha.